Mteja wa Kipande Kimoja

Nianze kwa kujisifu, maana mbele ya habari hii sitapata nafasi hiyo tena. Kwa miaka saba mimi na mdogo wangu tumeuza seti za vitofali vya kuchezea, vile vya plastiki vinavyobanana kimoja juu ya kingine mpaka vikawa jumba au treni, na katika miaka yote hiyo hakuna mteja aliyewahi kurudi dukani kulalamika kwamba seti yake imepungua. Hata kipande kimoja. Washindani wetu waliapa kwamba tuna dawa. Dawa yenyewe ilikuwa mdogo wangu.

Hatuuzi seti mpya. Seti mpya anaweza kuuza yeyote mwenye rafu na taa. Sisi tunauza zilizostaafu. Kiwanda kikichoka kutengeneza seti fulani kinaifuta kwenye orodha yake, na kuanzia siku hiyo zilizobaki duniani ni hizo hizo, haziongezeki, na bei inaanza kupanda. Binadamu akistaafu simu yake inaacha kuita. Seti ikistaafu, watu wazima wenye vyeo na vitambi wanaitafuta kwa tochi. Tunazinunua kwa familia ambazo watoto wamekua, kwenye maduka yanayofungwa, kwa watu wanaosafisha stoo. Nyingi zinakuja zimemwagwa zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na vifungo vya shati na makombo ya biskuti.

Hapo ndipo mdogo wangu anapoingia. Alikuwa fundi saa kabla simu hazijawazoesha watu kutembea na saa mfukoni, na wateja wanamwita Fundi mpaka leo. Anaviosha vitofali kwenye beseni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, anavianika juu ya taulo, anavichambua kwa rangi na umbo, halafu anaijenga seti nzima kwa kufuata kijitabu chake, ukurasa kwa ukurasa. Hakuna njia nyingine ya kujua kama imekamilika. Ikisimama bila pengo anaibomoa, anaigawa kwenye vifuko, anaipima kwenye mizani tuliyonunua kwa sonara mmoja, na uzito anauandika kwenye daftari. Kazi yangu mimi ni mdomo, gundi na muhuri. Naongea na wateja, na seti ikishafungwa nabandika ukanda wa karatasi juu ya kifuniko na kuugonga muhuri wa duka. Boksi letu huwezi kulifungua bila kuchana ukanda ule.

Mdogo wangu ana miaka arobaini na sita na hana maneno. Anaweza kushinda kutwa nzima akisema "Eeh", "Sawa" na "Nipe koleo", na jioni akaniambia amechoka kuongea. Alikuja kwangu siku mume wangu alipofariki, na begi moja, akasema atakaa wiki mbili ili nisiwe peke yangu. Wiki mbili hizo sasa zina miaka minane. Sijawahi kumuuliza ataondoka lini. Niliogopa angenijibu.

Basi Jumamosi moja asubuhi akaingia mwanamke wa umri kama wake, buti zimejaa tope mpaka vifundoni, kofia ya jua mkononi. Akasimama katikati ya duka, akazungusha macho kutoka kona hii mpaka ile, akahesabu hatua mbili mbele, moja kushoto. Nikadhani ni mtu wa kodi. Kumbe ni mpima ardhi, na kuhesabu hatua ni ugonjwa wa kazini.

"Mna majengo?" akauliza.

"Tunayo ya kumwaga," nikamwambia. "Majengo, magari, meli, wanyama. Wewe tu na mfuko wako."

"Majengo tu, dada. Mwaka wa ishirini huu napima viwanja. Napigilia vigingi, nakunja vifaa, naondoka. Nyumba zenyewe sizioni zikisimama. Nataka angalau moja niione mpaka paa."

Mdogo wangu akainua kichwa. Anayesoma hapa hawezi kujua uzito wa jambo hilo. Mbuzi wa jirani aliwahi kuingia dukani akala kalenda nzima, na mdogo wangu hakuinua kichwa.

"Kuna duka la mikate," akasema. Kisha, bila kuulizwa, akaendelea: "Lina ghorofa tatu. Kila ghorofa inanyanyuka peke yake. Tanuri lina kioo, ukimulika taa kwa nyuma kinawaka."

Nilishika kaunta. Akafungua vifuko ambavyo alikuwa ameshavifunga, akatafuta kile kioo cha tanuri, kipande kidogo kuliko ukucha, akamwekea Mpimaji kiganjani pamoja na lenzi yake ya fundi saa, ambayo mimi dada yake sijawahi kuruhusiwa kuigusa. Wakakaa pale nusu saa wakimulika kioo. Mwishowe nikapiga gundi na muhuri, mteja akalipa, akaenda na boksi lake kwapani.

"Ameondoka?" mdogo wangu akaniuliza. Alikuwa amemsindikiza kwa macho mpaka kona.

Jumamosi iliyofuata Mpimaji akarudi, akasimama mlangoni kwa haya. "Samahani jamani. Nimelijenga lote, limependeza kweli, ila kimepungua kipande. Kioo cha tanuri."

Macho yalinitoka. Miaka saba! Mdogo wangu akanyanyua lenzi mezani, na chini yake kile kioo kilikuwa kimelala pale pale alipokiacha. Katika kumulika mulika alisahau kukirudisha. Mtu mwingine angeomba radhi akamaliza. Yeye aliomba radhi kwa sentensi ndefu yenye mwanzo na mwisho, akainjika chai kwa mkono wake, akamvutia Mpimaji kiti, na walipoinuka ilikuwa karibu saa sita. Mpimaji akanunua kituo cha zimamoto.

Jumamosi ya pili yake: "Samahani, fundi. Kimepungua tena kimoja."

"Kipi?"

"Kidogo hivi. Cheusi nadhani."

Mdogo wangu akavuta droo, akampa kitu. Sikuangalia alichompa kwa sababu nilikuwa nimevimba kwa hasira. Mara moja ni bahati mbaya. Mara mbili ni habari itakayotembea mji mzima, na sisi tunaishi kwa jina letu, hatuna kingine. Wao wakainjika chai. Mpimaji akanunua kituo cha treni chenye mnara, ila akasema atakichukua Jumamosi inayofuata, mfuko haukuwa vizuri wiki ile.

Nikapata siku saba za kufanya upelelezi. Ijumaa, mdogo wangu alipotoka kwenda posta, nikalitoa boksi la kituo cha treni kabla sijalifunga, nikaliweka kwenye mizani mwenyewe. Daftari likasema uzito mmoja, mizani ikasema mwingine. Tofauti gramu mbili. Nikamwaga vifuko vyote kaunta nzima, nikahesabu kwa orodha iliyo mwisho wa kijitabu, kipande kwa kipande, nikimpigia kelele kila mteja aliyejaribu kuingia. Ikakosekana fremu moja ya dirisha, nyeupe. Nikavuta droo ya mdogo wangu. Ndani mna kikopo chake cha zamani cha skrubu za saa, na ndani ya kikopo, peke yake, imekaa fremu ya dirisha nyeupe.

Nilikaa chini. Mdogo wangu, mtu ambaye akiokota senti ya mtu barabarani anakosa usingizi, alikuwa anaiba kwenye boksi alilolifunga mwenyewe! Nilitaka akitoka posta nimpokee kwa maneno ambayo hayaandikiki. Lakini hasira yangu, ikizidi sana, huwa inageuka ujanja. Nikaiacha fremu ile ndani ya kikopo, nikachukua pacha wake kwenye ndoo yetu ya vipande vya akiba, nikamtia kwenye boksi, gundi, muhuri. Seti kamili. Nikasema moyoni, tuone Jumamosi ijayo atapata wapi kisingizio cha kuchemsha maji.

Mpimaji akachukua boksi lake. Wiki ikapita. Jumamosi, saa tatu kamili, mlango ukafunguliwa.

"Samahani sana, jamani," akasema Mpimaji. "Kimepungua."

Nilimtazama usoni kama mtu anayesoma maandishi madogo ya mkataba. Boksi lile nililifunga kwa mikono yangu. "Kipi?" nikamuuliza, kabla mdogo wangu hajafungua mdomo.

"Kile... chekundu. Chembamba." Akaonyesha hewani kwa vidole. "Kinakaa pembeni pembeni huku."

Mdogo wangu akafungua kikopo, akatoa fremu ya dirisha, nyeupe pe, nene, ya mraba, akaiweka kiganjani mwake.

"Ni hiki?"

"Hicho hicho!" akasema Mpimaji.

Huyu ni mwanamke anayesimama kati ya majirani wawili walioshika mapanga, akawaambia mpaka wao umekosewa kwa upana wa vidole vinne, na wote wakamwamini. Kapokea dirisha jeupe badala ya kitu chekundu chembamba na hakupepesa hata jicho. Nikaomba udhuru, nikapita pazia la nyuma, nikajifunika taulo la kuanikia vitofali, nikacheka mpaka mbavu zikauma. Huyu anatoa vipande ili mwenzake arudi. Mwenzake anarudi hata visipotoka. Watu wazima wawili, mmoja ana mvi, mmoja ana hatimiliki za nusu ya wilaya kichwani, wanavunga hivyo Jumamosi hadi Jumamosi na kila mmoja anadhani mwenzake hajui kitu.

Ghafla kicheko kikanikatika. Wataoana hawa, niliwaza. Ataondoka. Nikaona sebule yangu ina kiti kimoja. Nikatoa taulo usoni, nikarudi dukani na kujifanya hamnazo.

Na hamnazo hizo nilizifanya wiki tatu. Nikiwa mkweli, ningeweza kumaliza mambo kwa neno moja tu. Badala yake nilikuwa nagonga muhuri kwa nguvu zaidi. Mpimaji alinunua duka la maua, kisha jengo la kutazamia nyota, na kila mara akarudi na "samahani" yake. Sikupima tena, sikujaza tena. Mdogo wangu akatoa alichotoa na Mpimaji akapokea alichopewa. Chai ikanyweka. Walizungumza juu ya mapaa, ngazi, kwa nini milango mingine inafunguka ndani. Juu ya wao wenyewe, kimya. Mdogo wangu alianza kunyoa ndevu Ijumaa jioni na kupiga pasi aproni. Nani kakuambia aproni inapigwa pasi?

Kisha Jumamosi moja Mpimaji akaweka kikombe chini. "Jamani, nimepata uhamisho. Kituo kipya kiko mbali, siku nzima barabarani. Naondoka mwisho wa mwezi."

Nikamtazama mdogo wangu. Sasa sema, mwanaume. Sema chochote.

"Eeh," akasema mdogo wangu. Akakusanya vikombe. "Safari njema."

Ningekuwa na beseni karibu ningempiga nalo. Na papo hapo, naisema aibu yangu wazi, kuna kona ndani yangu ilishusha pumzi. Atabaki, kona hiyo ikasema.

Wiki ile mdogo wangu alijenga nyumba ya mlinzi akaweka paa kichwa chini, akaitazama, hakuona kosa. Chakula alikigusa kwa uma tu. Usiku nilimsikia akitembea sebuleni, na nilijua dawa yake, na dawa ilikuwa mdomoni mwangu, mimi ambaye mji mzima unajua siwezi kufunga mdomo. Siku sita sikusema. Sijawahi kukaa kimya muda mrefu hivyo tangu nizaliwe, na sijivunii.

Jumamosi ya mwisho mvua ilinyesha toka alfajiri. Mdogo wangu alikuwa nyuma akiosha shehena mpya, maji yanamiminika, haisikiki hata radi. Gari la ofisi likasimama mbele ya duka, nyuma limejaa masanduku na godoro lililofunikwa turubai. Mpimaji akashuka akiwa amebeba maboksi manne, yamepangana mpaka kidevuni, akayashusha kaunta.

"Siwezi kusafiri na yote haya, dada," akasema. "Huko nimepewa chumba kimoja. Duka la mikate nimebaki nalo. Haya mninunulie, bei yoyote." Akatoa bahasha mfukoni. "Na hivi ni vile vipande fundi alivyonipa. Visije vikapotea."

"Fundi yuko nyuma, anaosha," nikasema.

"Basi usimsumbue." Alilisema hilo akiitazama sakafu. Nje dereva akapiga honi.

Sasa, unaponunua seti iliyowahi kutoka mikononi mwako, jicho linaanzia kwenye ukanda. Ni mazoea tu, hata sikufikiri. Boksi la kwanza: ukanda mzima. La pili: mzima. La tatu, la nne: karatasi imenyooka, muhuri wangu umekaa katikati, hakuna hata mkwaruzo. Nikainua macho, nikakuta Mpimaji ananitazama, anaikunja kofia yake kwa aibu.

"Hujafungua hata moja," nikasema.

"Ningefungua ningejenga," akanong'ona. "Ningejenga ningejua kama vimekamilika. Na nikijua vimekamilika, nitakujaje hapa kusema vimepungua? Mimi siwezi kusema uongo, dada, kazi yangu hainiruhusu. Nisipofungua, sijui. Nikisema kimepungua, labda kweli kimepungua."

Hesabu za watu wa vipimo hizo. Nikasimama pale na ajabu yangu, maana kati ya maboksi yale manne, matatu yalikuwa yamepungua kweli, kwa mkono wa mdogo wangu, kwa hiyo mara tatu alisema kweli bila kujua. Uongo pekee uliowahi kusemwa ndani ya duka lile niliutengeneza mimi, siku nilipojifanya mpelelezi na kujaza fremu.

Honi tena. "Nipe chochote nikimbie," akasema Mpimaji. "Tafadhali."

Nikavuta droo ya pesa. Nikatoa noti, nikaanza kuhesabu. Nyuma ya pazia maji yanamiminika. Nilihitaji kuhesabu tu mpaka mwisho. Angetoka, gari lingeondoka, na jioni mdogo wangu angekaa kwenye kiti chake, mimi kwenye changu, kama jana, kama juzi, mpaka tuzeeke. Hakuna ambaye angejua. Nilifika noti ya tano, na vidole vikakataa. Niliwaza kwamba alikuja kwa wiki mbili ili nisiwe mpweke, akanipa miaka minane, na mimi hapa namnyima sekunde tano za kuita jina.

Nikarudisha noti, nikapanua kifua.

"Weweee!" nikapiga ukelele mpaka vioo vikaitika. "Toka huko! Toka upesi kabla sijakutoa mimi!"

Mdogo wangu akaruka kutoka nyuma ya pazia, povu mpaka viwikoni, chujio mkononi, akidhani duka linaungua. Akamwona Mpimaji. Akaona gari na godoro. Kisha akaona maboksi, na yule ni mtu aliyezoea kuona unywele ndani ya saa. Akapita boksi kwa boksi, akiinama juu ya kila ukanda. Povu likadondoka sakafuni. Nikaona kwamba nikiwaachia watasimama hivyo mpaka mvua ya mwakani.

"Basi nasema mimi!" nikalipuka. "Wewe unachomoa vipande kwenye seti unazofunga mwenyewe na kuvificha kwenye kikopo. Na wewe unalalamika vimepungua kwenye maboksi ambayo hujawahi kuyafungua. Huyu alikupa dirisha jeupe ukaliita chekundu! Mimi nimekaa katikati yenu miezi miwili nikitetea jina la duka. Nyie watu mna akili kweli?"

Mpimaji akamgeukia mdogo wangu polepole. "Ulikuwa unatoa?"

"Kimoja kimoja."

"Kwa nini?"

"Ili urudi," akasema mdogo wangu.

Mpimaji akakaa kwenye kiti cha wateja. Akacheka kidogo, akajifuta uso kwa kofia, akacheka tena, na sikuweza kujua wapi mvua inaishia na machozi yanaanzia. "Uhamisho sikupewa," akasema. "Niliuomba mwenyewe. Nilichoka kungoja. Nilijiambia, mwanaume huyu angetaka kusema kitu angeshakisema, bora niende mbali nisiwe nakumbuka Jumamosi."

"Unafutika?" nikauliza. Mtu akiniletea tatizo lenye makaratasi nafurahi, maana hayo ninayaweza.

"Mkuu wangu alisaini shingo upande. Alisema mpaka Jumatatu, kabla sijaripoti huko, nikibadili nia nimwandikie. Barua yenye sababu ya maana."

"Dereva anarudi ofisini lini?"

"Akishashusha mizigo huko, kesho lazima arudi."

"Basi hashushi mizigo, anapeleka barua." Nikampa karatasi na kalamu, nikafungua mlango, nikamwambia dereva azime injini na aache honi ya watu. Niliporudi Mpimaji alikuwa ameinama kaunta anaandika kwa mwandiko wake wa ramani, herufi zote sawa sawa: tarehe, kumbukumbu namba, kwa mkuu wa idara, yahusu kufuta ombi la uhamisho. Mistari miwili ikaenda vizuri. Kisha kalamu ikasimama.

"Niandike sababu gani?"

"Andika afya," nikasema.

"Siumwi kitu, dada. Watanipeleka kupimwa."

"Andika kazi ya hapa haijaisha."

"Imeisha. Nimeikabidhi juzi."

Mdogo wangu alikuwa anajifuta mikono kwa aproni yake iliyopigwa pasi, kidole kwa kidole, kwa utaratibu ule ule anaokaushia vitofali. Akamaliza mkono wa kulia, akamaliza wa kushoto.

"Andika sababu za kifamilia," akasema.

Mpimaji hakuinua kichwa. "Fundi, mimi sina familia katika mji huu."

"Unayo." Akavuta pumzi, akaninyooshea mkono pale nilipokuwa nimesimama karibu na mlango, akanivuta mpaka nikasimama ubavuni kwake. "Tupo wawili."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Nikataka kumtania, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikafungua mdomo nikaukuta mtupu. Mpimaji aliandika neno la kwanza, kisha la pili, na karatasi ikaanza kupata matone.

"Wifi," nikamwambia, nikaivuta barua pembeni kidogo, "lia huku, usiloweshe wino, dereva anasubiri."